Mama wa Mazoezi

Yaya Eliane, dada yangu mkubwa,

Nimefika Mbarara salama, lakini uvumilivu wangu niliuacha kwetu kambini Juru. Huku kwenye mafunzo ya wahubiri, kanuni ni kutembea wawili wawili. Mwenzangu Déo ananifuata hata chooni, anasimama inje akiimba! Kila asubuhi tunakariri salamu za Kinyankole mpaka uji unapoa, kisha mwalimu anasema mimi nasalimia kama askari wa bariera anayesimamisha magari barabarani. Na hii kravati ya kufunga shingoni, yaya, itaniua kabla sijahubiri popote.

Mchana tunajifunza kuhubiri. Mwalimu anaingia mu chumba, sisi tunapiga hodi, naye anajifanya mlevi ao mtu mwenye haraka. Amenifungia mlango usoni mara mingi hata nimeanza kumchukia, Mungu anisamehe.

Jana alijifunga kitenge, akajifanya mama ambaye mtoto wake alipotea kwa vita. Nilikuwa na njaa, nilitaka tu mchezo uishe. Nikamwambia maneno tuliyofundishwa asubuhi, kwa Kinyankole, bila kukwama: "Mama, usimngoje tena. Mwanao amepumzika kwa Mungu."

Wote wakapiga makofi. Déo akanikumbatia. Mimi nilibaki pale mlangoni, nikiona akilini sahani ambayo mama yetu anamfunikia kaka Anatole kila jioni, miaka yote hii tangu vita, akisema labda leo atafika. Chakula changu nikamwachia Déo.

Wewe ndiye unamsomea mama barua zangu. Hii, tafadhali, ishia kwenye kravati.

Mdogo wako,
Josué