Neno Nililowaambia Kanisani

Jumatatu, 3 Machi 2014
Maji, uji, shule. Mama hakwenda shambani tena. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Makohozi yake yalipelekwa hospitali ya Mbarara wiki iliyopita. Wakikuta ugonjwa watampigia. Simu naiweka karibu na mto wake. Naomba ilie. Naomba isilie.

Alhamisi, 6 Machi
Watafiti walikuja kanisani kwetu, Kashojwa, hapa kambini kwa wakimbizi. Wanaomba ruhusa ya kuona, kupitia kampuni ya simu, watu wenye kikohozi wanapita wapi, ili dawa ziwekwe karibu nao. Majina watayaondoa. Mchungaji akanisimamisha nitafsiri Kiingereza chao. Nikatafuta neno zuri la darasani. Nikasema, "Watawafuatilia kwa simu."

"Banatufwatilia mpaka na huku?" aliuliza Mama Riziki, jirani yetu.

"Mimi banifwate tu," mzee mmoja akasema. "Batachoka. Kila siku shamba na choo, shamba na choo."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Kule Kivu tulikokimbia vita, Baba alitupigia mara moja kutoka porini alikojificha. Kesho yake wenye bunduki wakamkuta, wakamuua. Hatujui walimpataje. Mama anasema yeye anajua.

Kwa nini sikuchagua neno jingine?

Ijumaa, 7 Machi
Mama ametumbukiza laini ya simu chooni. Nililia. Nikamwambia hospitali si wale watafiti. "Simu ni ile ile, mutoto wangu," akasema. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Damu kwenye kitambaa. Zahanati hawana majibu. Wanasema Mbarara humpigia mgonjwa mwenyewe. Nani atampigia sasa? Anakonda. Amenikataza kulala karibu naye. Akifa, sina mtu. Nimeliandika, basi.

Jumatatu, 17 Machi
Sikwenda shule. Mwenye lori la maziwa alinipakia mpaka Mbarara. Mwanamke wa maabara alinigombeza mbele ya watu: "Sisi napiga, napiga, simu hapana ingia! Mama nagonjwa, nyinyi nazima simu?" Ni kifua kikuu. Amenipa karatasi ya kuanzia dawa. Njia nzima niliishika kwa mikono miwili.

Jumatatu, 31 Machi
Mama anameza vidonge. Anatapika. Anameza tena.

Mtafiti mmoja alirudi, akaja hapa nyumbani. Safari hii nilitafsiri polepole, na pale nisipoelewa niliuliza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana. Mtafiti akashukuru, akaenda. Dawa hazikukatwa.

Mchana muuguzi wa zahanati alikuja, akachukua makohozi yangu, maana nami nimeanza kukohoa. Akaomba namba ya simu ya kutupa majibu. Nilitazama chini.

Mama aliinuka. Akatoka akishikilia ukuta, akavuka kwenda kwa Mama Riziki. Alirudi na simu ya jirani mkononi, anahema.

"Andika hii," akamwambia muuguzi. "Ni ya mutoto."

Giza limeingia. Mama alikwenda kuirudisha simu kwa Mama Riziki, na bado yuko huko, amekaa kando yake. Nimempelekea shuka.