Moto wa Siku ya Saba

Rabba, nchi ya Waamoni

Kwa Pelaya, baba Yedida,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Jino la mbele la Yedida limeng'oka, na mbuzi wa baba amezaa mapacha. Huyu mchuuzi wa chumvi anayekuletea barua ana njaa kila saa, mlishe.

Sikulaumu. Siku ile ya mvua wanaume wa Yerusalemu mliapa mbele za Mungu kuwaacha wake wa kigeni kama mimi, nawe ukaapa. Ila nilipokuwa nafunga mizigo ungenitazama usoni. Ulikuwa unamtazama punda tu.

Jana mama alinigombeza. "We Alya, mbona umezima jiko? Baba yako ale majivu?"

Nikamwambia ni Sabato, moto hauwashwi, chakula nilishapika siku iliyotangulia. Wifi, mke wa kaka, akacheka hadi akakaa chini. "Haya, Myahudi wetu! Si hao hao waliokufukuza?"

Nikaenda uani na mwanao, tukala dengu baridi, wawili tu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuuzima moto huo, Pelaya. Sasa niambie: niuwashe?

Ni mimi,
Alya, mama Yedida