Vijidudu Vitupu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za baba yako, nikitumaini kwamba wewe na mjukuu wangu mchanga mu wazima. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Tulipata hasara kazini, na kosa lilikuwa langu.

Unajua kwamba vifaranga wetu wa samaki hulishwa vijidudu hai vya majini, na kwamba vijidudu hivyo hulishwa kwanza mafuta ya samaki ili viwe na lishe. Juma lililopita niliharakisha, nikavimimina bila kuvilisha. Vifaranga wakala, matumbo yakajaa, nami nikafurahi. Siku ya tatu wakaanza kuelea, wamekufa na shibe yao.

Msimamizi wetu, mwanamke wa rika lako, akaniambia, "Babu wewe, umewapa watoto vibuyu vitupu!" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, maana nilikukumbuka wewe.

Mume wako ameniandikia, tafadhali usimkasirikie. Anasema tangu tumzike mama yako huli chochote ila chai, na kwamba mtoto hunyonya kutwa lakini uzito wake hauongezeki. Mimi pia ninamlilia mama yako, mwanangu. Hata hivyo, nakusihi ule.

Barua hii inaletwa na mama yako mdogo. Nimemwomba asirudi kabla hajakuona umemaliza sahani, naye amenijibu, "Shemeji, nimefungasha nguo za mwezi mzima."

Ni mimi baba yako akupendaye.