Kumufunika shemeji kule Kampala

Mama Furaha,

Binti yako alinitembeza Kampala, mi na mutoto wake Neema. Nilifikiri tunaenda kula samaki. Kumbe ni kwa mizé, nyumba kubwa ya kuwekea banyama benye balikufa. Batu banapanga mustari, banalipa, banaingia kuangalia kunguru. Kunguru, mama. Huku Bunia banakunya juu ya mabati yetu bila tikiti.

Simba banamujaza majani makavu mpaka anafanana na pasteri mwenye kutoka karamuni. Mamba iko mudomo wazi, meno imepakwa rangi. Kila nyama na karatasi yake. Mi niliishiaka darasa ya ine, lakini hata mi naweza kuandika «tembo ni nyama kubwa». Kumbe kuko batu banalipwa mushahara kwa ile.

Sasa pale kwa kona, nyuma ya kamba, nikaona pongo, ile swala ya musitu. Nyama ya ukoo wenu, ile hamukulaka, na mukiikuta imekufa munaifunika kama maiti ya muntu. Ilisimama uchi, macho ya kioo, sikio moja imeshonwa mubaya.

Nilikuchekaka sana. Unakumbuka njia ya Irumu, muwindaji aliweka pongo kando ya barabara kwa kuuza? Ulishuka kwa pikipiki, ukatoa liputa yako ya juu, kile kitenge, ukaifunika. Muwindaji akafikiri umenunua, akaanza kunoa kisu. Nilicheka mpaka nyumbani. Weye ukasema tu: «Cheka, muzee. Ule ni ndugu yangu. Kwako ni shemeji.»

Shemeji ya miguu ine.

Basi Furaha akamuambia Neema asimame karibu nayo kwa foto. Mutoto akaweka mukono kwa shingo yake, akacheka. Na mi… sijue. Mi sina ukoo na pongo. Hata nilikulaka pongo kwa siri, kwa jirani, sasa unajua. Lakini tangu tulikuzika, hakuna muntu wa kufanya ile kazi yako. Nikaruka kamba, na haya magoti yangu, nikavua vesti, ile koti yangu, nikaifunika kichwa na mugongo.

Mulinzi akakuja mbio, anasema kizungu yake. Furaha alitaka ardhi imumeze.

«Papa, unafanya nini mbele ya batu?»

«Nafunika shemeji.»

Banatufukuza, vesti banairudisha imejaa manyoya. Kwa njia Furaha alininunia. Ile kununa ni yako kabisa. Neema ndiye aliuliza, nikamuelezea yote, na muwindaji na kisu yake. Hakucheka. Aliuliza sasa nani anaifunika, maana vesti tumeitoa.

Nikavaa vesti na manyoya yake yote, mama.

Basi sikia. Kula pongo, nimeacha. Usifurahi sana: mi naona bado ni ujinga. Lakini nikiikuta imelala njiani, nitashuka, nitaifunika, na Neema atanisaidia. Kucheka tu ndiyo siwezi kukuahidi nitaacha.

Pumzika sasa.

Muzee wako