Tovuti Isiyo na Mhuri

Jumatatu, 4 Februari

Maktaba saa tatu asubuhi. Nusu saa yangu ya kompyuta, kama kila siku ya kikao cha Bunge. Barua pepe tatu kutoka chumba cha habari, zote zinauliza kitu kilekile. Nimejibu moja.

Kisha nikajaribu tovuti ya wanakijiji wa Kongwa wanaopinga malisho yao kupewa mwekezaji. Ukurasa mwekundu wa Kiingereza. "Imezuiwa. Kundi: siasa za chuki."

Niliisoma mwezi uliopita nikiwa Dar. Ramani, mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji, majina ya wazee. Hakuna tusi hata moja. Kamati ya wabunge inasikiliza mgogoro huo Ijumaa mchana, na watumishi wanaoiandalia maelezo huja kusoma humu humu. Wakikuta wekundu huu, wataandika kwamba kijiji hakikuleta kitu.

Jumanne, 5 Februari

Nimemuuliza Editha, msimamizi wa chumba cha kompyuta. Nilidhani atasema amri imetoka juu. Hakusema hivyo. Programu ya kuchuja ilikuja na kompyuta za msaada na haijui Kiswahili. Kwa hiyo kila tovuti ya Kiswahili anaipangia kundi yeye mwenyewe na kuiandika kwenye daftari. Amenionyesha. Mistari ya rula, mwandiko wa shule ya misheni. Tovuti ya chama kimoja imepita, ya kingine imefungwa. Nikauliza kigezo.

"Mhuri, kaka."

Yenye mhuri, au walau nembo na namba ya usajili, inapita. Isiyo navyo anaifunga.

"Kwani wewe ungepokea barua isiyo na mhuri?"

Nilicheka. Baadaye sikucheka. Mwaka wa ishirini na mbili huu naandika habari, na barua isiyo na mhuri huwa naiweka pembeni.

Na hiyo chuki? Alitafuta kundi la "haijulikani", programu haina. Akachagua mojawapo ya makundi yanayofunga. Tovuti yenyewe hakuisoma. Hilo ndilo kosa, mengine ni mazoea yetu sote.

Jumatano, 6 Februari

Kongwa, kwa basi la asubuhi. Vumbi mpaka kwenye meno. Mzee Malogo, katibu wa wanakijiji hao, alikuwa anaziba zizi kwa miiba. Tukasalimiana kwa kilugha chao, mbukwenyi, mbukwenyi, kisha moja kwa moja kwenye jambo.

Barua yao ya malalamiko waliipeleka mara tatu kwa mtendaji wa kijiji aigonge mhuri iende wilayani. Mtendaji yuko upande wa mwekezaji. Kila mara aliwaambia wino umekauka. Ndipo mpwa wa mzee, yuko chuo Morogoro, akawatengenezea tovuti. Mahali pasipodai mhuri, walidhani.

Nikamweleza kwa nini imefungwa. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe na huko hewani kuna mtendaji!"

Mkewe akadakia toka jikoni: "Na wino wake nao umekauka?"

Kisha mzee akaniomba nibebe karatasi zao nizifikishe kwenye kamati kwa mkono wangu. Nimekataa. Mwandishi akianza kubeba barua za upande mmoja, amekwisha. Mzee hakunibembeleza. Alinionyesha tu malisho, kwa fimbo, kutoka kilima hadi korongo. Hawana mengine.

Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 7 Februari

Nimeandika. Mhariri kwenye simu anataka kichwa kiwe "Serikali yafungia tovuti". Si kweli. Nimemwambia: mtu mmoja, daftari moja, kigezo kibovu. Akasema: "Basi hiyo ni ukurasa wa saba, bwana. Jumamosi." Iwe.

Nikaenda kuchukua maelezo ya Editha. Nimemwambia jina lake halitatoka, lakini chumba kina msimamizi mmoja na kila mtu atajua. Alifunga daftari, akalifungua tena.

"Nikiifungua sasa hivi, utaacha kuandika?"

Nilishawishika, sikatai. Angeifungua, watumishi wangesoma, mzee Malogo angesikika, naye angebaki kwenye kiti chake. Ila wasomaji wa humu wangeendelea kutojua kwamba wanachokisoma kinapita kwanza kwenye daftari la mtu mmoja.

Nikasema hapana. Afungue asifungue, nitaandika. Ila aisome kwanza.

"Kaka, una roho ngumu."

Kweli. Nimerudi Mkonze, nilikopanga chumba, kwa miguu. Naogopa kwamba nimemponza mzee kwa habari ya ukurasa wa saba.

Ijumaa, 8 Februari

Saa mbili na nusu tovuti iko wazi. Editha aliwahi kazini akaisoma yote kabla ya kufungua mlango. Kwenye daftari kakata kundi la zamani kwa rula, akaandika: "Malalamiko ya ardhi. Imesomwa." Na sahihi yake. Watumishi wawili walikuwa wanachapa ramani.

Kamati imesikiliza mchana. Mihtasari ya kijiji ilisomwa kwa sauti. Uamuzi: malisho yasigawiwe mpaka wajumbe wafike wayaone. Si ushindi, wamepata muda. Muda ndio waliouhitaji.

Nimeongeza aya kwenye habari: msimamizi ameisoma tovuti na kuifungua mwenyewe. Mhariri ameahidi itakaa.

Jumamosi, 9 Februari

Ukurasa wa saba. Aya imekatwa. Nimepiga simu. Nafasi ilikuwa finyu, anasema. Juu ya habari yangu kuna picha kubwa ya jogoo aliyeshinda maonyesho.

Jumatano, 13 Februari

Editha amehamishiwa upande wa vitabu. Chumba cha kompyuta kina msimamizi mpya, hafungi wala hafungui kitu bila barua ya mkurugenzi. Tovuti ya Kongwa hajaigusa. Imeshatoka gazetini, anaiogopa.

Ningeiandika tena. Ile aya ningeitanguliza juu kabisa, wasingeweza kuikata.

Nimepanda ghorofani kumsalimu Editha. Alikuwa anavalisha vitabu nailoni.

"Shikamoo," akasema.

Tangu tufahamiane ameniita kaka.

Nikaitikia marahaba. Nikavuta kiti, nikasoma gazeti la mwezi uliopita mpaka mwisho. Yeye aliendelea na vitabu vyake.