Siku Kumi na Zalia

Jumapili, 10 Juni 1962. Mahajanga
Asubuhi ya baridi kidogo, mbingu nyeupe, upepo una vumbi jekundu. Nimeamka saa kumi na mbili kasoro robo.

Siku ya nne katika kisiwa hiki cha Bukini. Kingazija cha marehemu mama kinanirudia kidogo kidogo. Kibuki, lugha ya hapa, sikijui hata cha kuombea maji. Dada Kalathoumi, binti wa mama mkubwa, hunifasiria. Mara ya mwisho tulionana nina miaka minane! Asipokuwepo, hunifasiria binti yake Zalia, kwa vidole. Ana miaka sita, wa tano kati ya saba.

Mwalimu Mkuu aliponipa ruhusa alisema nikirudi Unguja niwaeleze wasichana faida za kusafiri. Naanza kukusanya. Ya kwanza: ukoko. Kwetu twagombania kuula. Hapa wali ukishapakuliwa humwagia maji sufuria yenye ukoko, huyachemsha, hunywa maji hayo ya rangi ya chai pamoja na chakula. Nimekunywa vikombe viwili. Matamu! Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kufikiri kwamba ukoko una kazi nyingine.

Jumanne, 12 Juni
Jua kali mapema.

Sokoni kwa puspus – kigari cha magurudumu mawili, mtu mbele anavuta. Niliona haya kuvutwa na baba mzima. Tulipofika mlimani nikataka kushuka. Mvutaji akamwambia Kalathoumi neno, wakacheka wote wawili. Eti nikishuka atachekwa yeye, watu watadhani amezeeka. Nikaketi. Faida ya pili: kuuliza kabla ya kuhurumia.

Wanawake wana liwa, ule unga wa mti wa kunukia, usoni mchana kweupe, sokoni kote. Kwetu liwa ni ya ndani. Kila muuzaji aliniuliza: Mama nani? Huku mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake. Kalathoumi akawajibu kabla sijafungua mdomo: Bado hajapewa. Alisema kama mtu asemaye bado hajanywa chai. Hakuna aliyeinamisha macho. Nyumbani, likitajwa neno hilo, watu hutazama sakafu. Ndoa miaka tisa. Mimba tatu, hata moja haikufika mwezi wa tano.

Ijumaa, 15 Juni
Mawingu, bila mvua.

Nianzie wapi? Tulikuwa tunachambua mchele. Kalathoumi, macho kwenye ungo, akasema: Bahia, mbona huniombi? Nikuombe nini? Mtoto, akasema. Siku tisa umo humu ndani, unamtazama Zalia anavyotafuna, na huombi. Wataka niseme mimi? Huko kwenu hamkufunzwa kuomba?

Nikadhani mzaha. Si mzaha. Kwao mtoto wa dada yako ni wako tangu azaliwe, la kuzungumza ni nani atamlea tu. Kwetu pia bibi hulea wajukuu, najua. Lakini mimi nilishazoea kwamba hakuna wa kunipa, na sikutaka kuonekana nimenyoosha mkono.

Nilikwenda uani nikanawa uso. Mchele wangu haukumalizika kuchambuliwa. Jioni Djaanfar, mumewe, ameuma jiwe. Akauliza leo jikoni aliingia nani.

Jumapili, 17 Juni
Upepo tangu alfajiri. Nimefanya kosa, na kosa kubwa.

Jana nilitulia mezani nikaandika makubaliano ya kumchukua Zalia, karatasi safi yenye vichwa vya habari. Shule. Likizo. Barua (moja kila mwezi). Ugonjwa. Ndoa. Chini nikaacha mahali pa sahihi nne: ya Kalathoumi, ya Djaanfar, yangu, na ya Soulé mume wangu. Niliona ndiyo heshima yenyewe. Leo nimemsomea. Alifika nami mpaka "Ugonjwa", akanyanyuka. Karatasi ya nini? Nauza mbuzi? Sahihi, akasema, ni za watu wanaotarajia kugombana.

Mchana kutwa hakusema nami. Djaanfar ni fundi cherehani, mtu mpole. Alinivuta kando: Shemeji, ichome. Usiikunje, ichome, auone moshi. Nikaichoma jikoni mbele ya Kalathoumi. "Mwalimu!" akasema – kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka.

Jumatatu, 18 Juni
Shwari. Masharti yake, bila karatasi:

Anayeombwa ni mama, anayekubali ni mtoto. Nimpeleke Zalia Nosy Be kwa Echata, dada mkubwa wa Kalathoumi. Siku kumi mbali na mama yake. Siku ya kumi nimwulize mwenyewe: Unguja au Mahajanga? Akisema Mahajanga, nimrudishe kwa mkono wangu, tule wali, na asinune mtu. Akisema Unguja, tupandie meli huko huko, na kila mwaka aje kuwaona.

Na wewe? nikamwuliza. Akasema yeye alishalia mwezi uliopita, barua yangu ya kwamba naja ilipofika. Mwezi uliopita! Mimi hata sanduku nilikuwa sijafunga.

Nimempelekea Soulé telegramu.

Jumatano, 20 Juni. Bandarini, kisha melini
Jua. Jibu la Soulé limewahi, maneno saba: NJOO NAYE AU NJOO PEKE YAKO NJOO.

Zalia hakulia. Kalathoumi hakulia. Aliyelia ni mimi, mpaka baharia mmoja akaniletea kiti.

Ijumaa, 22 Juni. Hellville, Nosy Be
Bahari imelala kama sahani. Kisiwa kizima kinanukia langilangi. Echata ni mchumaji wa maua hayo. Hutoka kabla ya jua, hurudi saa nne na harufu imemganda nguoni. Mnene, mcheshi, sauti yasikika nyumba ya nne. Salamu yake ya kwanza: Aa, ndiwe mwenye karatasi! Habari ilinitangulia na meli gani, sijui.

Zalia hasemi. Vijiko vitatu vya kisamvu, basi. Amelala amekumbatia kiatu chake kimoja.

Jumatatu, 25 Juni
Asubuhi ukungu mlimani, mchana safi.

Kesho uhuru wao unatimiza miaka miwili. Leo magharibi watoto wote wa mji walitoka na fanusi za karatasi, mshumaa ndani. Ya Zalia niliitengeneza kwa rula. Echata akasema nimejenga ofisi ya posta. Lakini za wenziwe tatu zilishika moto, ya Zalia haikuungua! Alitembea mbele yangu hatua kama kumi. Halafu tano. Halafu mkono wake ukaingia wangu, bila kunitazama.

Kwetu uhuru bado. Nilisimama katika furaha ya watu wengine na haikuniuma. Tangu Mahajanga sijaandika faida hata moja.

Jumatano, 27 Juni
Manyunyu alfajiri.

Nywele. Alisukwa na mama yake siku ya kuondoka, misuko midogo midogo, kazi ya saa tatu. Sasa imelegea, ina mchanga, anajikuna. Nimeona chawa wawili. Shuleni kila Jumatatu mkaguzi wa vichwa ni mimi. Nikachukua chanuo na mafuta ya nazi: njoo nikufumue.

Alipiga kelele majirani wakatoka! Akaingia chini ya kitanda. Huko akasema, neno moja moja la Kingazija: Kasuka mama. Atafumua mama. Nililala kifudifudi sakafuni, nikamwambia sawa. Hakutoka mpaka adhuhuri.

Echata alicheka: mwalimu wa watoto arobaini kashindwa na kichwa kimoja! Halafu akaketi akanieleza. Kichwa cha mtoto hashiki kila ajaye. Hata nywele zinazobaki kwenye chanuo hazitupwi, hufukiwa. Kumfumua ni kazi ya mama, na mtoto hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Yeye mwenyewe akiwa na miaka mitano alipewa shangazi yake amlee, hapa Nosy Be. Alikataa kufumuliwa mwezi mzima. Nilitembea na kijiji cha chawa kichwani, akasema, na chifu wao na tarishi wao! Siku moja akawashwa mno, akaenda mwenyewe kukaa mbele ya shangazi afumuliwe.

Nikamwuliza kama siku hiyo ndiyo aliyoacha kumlilia mama yake. Hapana, akasema. Sikuacha. Ila nilipata paja la kulilia.

Ijumaa, 29 Juni
Joto. Chanuo sijaligusa.

Nilidhani nitakuwa mama yake, na Kalathoumi kule Mahajanga atabaki mama mkubwa wa kuandikiwa barua. Ndivyo vilivyosema vichwa vyangu vya habari! Sasa naona sikuelewa nilichopewa. Kalathoumi hakuniachia nafasi yake. Ameniita nikae kando yake.

Naogopa akisema Mahajanga. Naogopa zaidi akisema Unguja – nyumba ile ya Mahajanga, wakati wa kupakua, mtu anatoa sahani saba kwa mazoea na kurudisha moja.

Leo Zalia amenifunza kuhesabu Kibuki mpaka kumi. Nimekosea saba mara nne. Ananisahihisha kwa ukali kweli. Ndivyo ninavyowafanyia wanafunzi wangu? Nijirekebishe.

Jumamosi, 30 Juni
Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, saa tatu jua limetoka.

Siku ya kumi. Meli ya kurudi Mahajanga ni kesho saa mbili. Ya Unguja ni Jumanne. Nilipanga kumwuliza saa nne. Saa nne nikaona afadhali ale kwanza. Alipokula nikaona afadhali apumzike.

Saa saba Echata akaenda kuwatembelea majirani – kwa makusudi, namjua sasa. Nilikuwa mkekani barazani, nimenyoosha miguu. Zalia akaja na chanuo mkononi. Hakunipa. Akasimama.

Unguja kuna puspus? Hakuna, nikasema. Kuna ukoko? Upo, lakini sisi twaula. Akanitazama kama mtu anayewahurumia watu hao.

Mama anapajua Unguja? Anapajua, alikuja angali msichana. Akalizungusha chanuo mkononi. Ukinifumua, utaweza kusuka kama hivi?

Nilitaka kusema nitaweza. Nikasema siwezi. Mimi najua misuko minne tu, minene, ya shule. Hii ya mama yako sijui hata pa kuanzia.

Akageuka, akakaa baina ya magoti yangu, akanipa chanuo juu ya bega. Akagusa upande wa kulia: Fumua huku. Huku – akaufunika wa kushoto kwa kiganja – usifumue.

Nilianzia nyuma ya sikio. Mafuta kidogo, ncha ya chanuo, msuko mmoja, wa pili. Kila msuko ulitoa mchanga, nao ulikuwa mchanga wa Mahajanga, mwekundu. Nywele zilizotoka nimezikunja katika leso. Alijikaza bega lote mpaka msuko wa sita. Wa saba akahesabu kwa sauti, kwa Kibuki, akangoja nirudie. Nikapata! Wa kumi na moja kichwa kikaanza kuwa kizito. Wa kumi na nne kikaangukia paja langu, kiganja bado kimefunika upande wa kushoto.

Naandika kwa mkono mmoja. Mguu umekufa ganzi na sithubutu kuusogeza. Kulia nywele zimefumka zote, kushoto misuko ya Kalathoumi iko vile vile. Swali sijamwuliza. Chanuo liko mkekani.

Amelala saa nane na dakika ishirini.