Aliyepanga Nyasi

Jumatatu, 10 Februari

Nimepalilia kahawa hadi mgongo unalia. Osmundi, mume wangu wa zamani, kapita na pikipiki akiwaonyesha watu shamba langu kwa kidole. Mshenzi. Mahakama ya Mwanzo ilipotupa talaka ilimpa yeye nyumba ya Lipingo, ziwani, mimi nikapewa shamba hili la mlimani. Hakukata rufaa. Alikimbilia baraza la ardhi, nalo likampa na shamba. Eti ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, ni za aliyepanga nyasi! Kweli, wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Halafu nani huchimba mashimo na kuzifukia kwa udongo? Nina hasira, hata chai hainishuki.

Jumatano, 12 Februari

Songea, Mahakama Kuu. Ombi langu la mapitio ya uamuzi wa baraza limesikilizwa. Jaji alimuuliza Osmundi: nani alichimba? Akajibu, wanawake, mheshimiwa, ndiyo kazi yao. Watu wakaguna.

Kilichoniuma ni mama mkwe. Barazani alimtetea mwanawe, na leo amekaa nyuma yake. Shikamoo yangu ameiitikia kwa shida.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya misa majirani wananishauri niache kesi, nitachosha watoto. Niache niende wapi? Sina mlima mwingine. Naogopa.

Alhamisi, 27 Februari

NIMESHINDA! Jaji kasema baraza la ardhi halina mamlaka ya kugusa mali ya ndoa iliyokwisha kugawanywa na mahakama. Uamuzi wake umefutwa. Shamba langu! Tena akaongeza kwamba anayechimba naye amechuma. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nikapiga kigelegele pale pale ngazini. Askari akaniambia, mama, nyamaza. Nikapiga kingine. Osmundi kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Nimefurahi, wala sioni aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Ukungu asubuhi. Nimefyeka, nikaanza kupanga nyasi mwenyewe. Majirani wanachungulia. Mistari imepinda, shauri yake.

Mara mama mkwe kashuka na jembe begani. Nikamwamkia, safari hii akaitikia vizuri. Ya kesi hakuyagusa.

"Wewe panga, mwanangu," akasema. "Mimi nimechimba maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuuliza nani kachimba."

Akainama, akaanza kufukia. Mchana tumekula viazi. Jumatatu tunapanda maharage.